Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyemwaga Ndoo Moja ya Maji

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Bomba.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: FUNDI WAKO KUSEMA UKWELI NDANI YA NYUMBA YA MTU

Nakuandikia nikiwa na akili timamu. Mke wangu ameamua bafu letu likarabatiwe ili mama yake, ambaye magoti yamemchosha, aje akae nasi. Mkatuletea dada mmoja mnayemwita Pimamaji, kwa kuwa kile kifaa cha kupimia usawa hakimtoki mkononi. Kazi yake ilikuwa kubandika vigae vipya, basi. Nilimwonyesha vigae, hakuviangalia hata kidogo.

1. Alimwaga ndoo ya maji sakafuni, akachuchumaa, akasubiri. Maji yalizunguka yakarudi miguuni pake. Nilimweleza kwa heshima kwamba maji ya nyumba hii ndivyo yalivyo, hayana haraka. Akasema habandiki kigae hata kimoja juu ya bomba asilolijua, akachukua nyundo na patasi.

2. Alilifukua bomba la maji machafu mchana kweupe, mke wangu amesimama mlangoni. Hakuniuliza kama nina la kuficha. Hivi hawa watu mnawafundisha nini?

3. Aliweka pimamaji juu ya bomba, akacheka, akamwita mke wangu aje aone. Bomba lilikuwa limeinuka kuelekea nje. "Aliyelaza bomba hili," alisema, "alitaka maji yapande mlima."

Mwenyekiti, aliyelilaza ni mimi. Miaka tisa iliyopita fundi mzee alikuja, akatazama, akaniambia, hapa mteremko tu, kisha akaenda kutafuta saruji. Mimi nikaelewa kwamba kazi ni mteremko, yaani rahisi, ya nini kumlipa mtu? Nikamwambia asirudi. Kosa ni la lugha, wala si langu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Bafu lilipoanza kujaa maji, mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia. Nilitangaza sebuleni, mbele ya wageni, kwamba nywele zake ndizo zinazoziba bomba, na kwamba binadamu wa kawaida haogi ndoo tatu. Yule mama alifunga mzigo wake, hajakanyaga hapa tangu siku hiyo. Kila mwaka mke wangu alinisihi niombe radhi, nami kila mwaka nilimwonyesha dimbwi kama ushahidi. Sasa ushahidi umehamia upande wa pili. Tangu jana mke wangu anakunja shuka za chumba cha mama yake tu, na hilo linanitisha.

5. Nilimwita Pimamaji pembeni, nikamwomba aseme ardhi ilisogea. Alikataa. Nikamwomba basi aseme bomba limezeeka. Alikataa na hilo, akanipa futi kamba nimshikie.

Kwa hiyo naomba bomba lirudishwe lilivyokuwa na lifunikwe upesi. Pili, umoja wenu utoe barua yenye muhuri kwamba maji ya mtaa huu, kwa maumbile yake, hupanda. Tatu, mama mkwe apelekewe nakala kabla hajapanda basi. Na neno mteremko lipigwe marufuku kwa mafundi wote.

Nisalimie wanachama wote, wake zao na waume zao, na yule fundi mzee kama bado yupo.

Ni mimi, niliyelowa bila kosa,

Mwenye Nyumba.

N.B. Barua hii imekaa mfukoni siku kumi. Pimamaji alilaza bomba jipya likishuka, akamwaga ndoo zake, ndipo akabandika vigae. Mama mkwe alifika jana. Nilimpokea mzigo, na kabla hajaketi nikamwambia kwamba bomba lilikuwa langu na nywele zake hazikuwa na kosa lolote. Aliuliza tu ndoo ziko wapi. Leo asubuhi ameingia kuoga na ndoo tatu, akakaa humo hadi mke wangu akabisha kuuliza kama kuna tatizo. Akajibu kwa sauti ya kunifikia mimi sebuleni: "Hakuna tatizo, mwanangu. Nasikiliza maji yanavyoondoka."

Tafadhali futa malalamiko yote, na umtume tena Pimamaji kesho. Sinki la jikoni nalo nililifunga mimi, na miaka yote hii lawama anaibeba dada yangu.