Naomba Mumvue Tuzo Mtoto wa Kaka Yangu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Tuzo ya Wanasayansi Vijana,

Hamjambo huko ofisini? Mimi ni msusi, tena ni shangazi wa yule binti mliyemtangaza mshindi kwa utafiti wake wa virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Hongera nimempa, maana mcheza kwao hutunzwa. Lakini kwa heshima na taadhima, naomba mumvue tuzo hiyo kabla ya sherehe, mumpe kijana anayechunguza kitu kisichohusu watu, kama vile mawe. Sababu zangu ni hizi:

1. Tangu mmtangaze, anashinda saluni kwangu akiwahimiza wateja wakapime virusi hivyo. Anadai mwanamke akiwa anasukwa hana pa kukimbilia, lazima atasikiliza. Wapi! Juzi wateja waliinuka nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio, wakaenda kupima. Mmoja alikuwa bibi harusi.

2. Walirudi, tena na dada zao na mawifi zao. Siku hizi watu hawaniulizi bei ya kusuka, wananiuliza foleni ya kupima inaanzia wapi. Jirani yangu fundi cherehani ananiita Daktari, na mbaya zaidi nimeanza kuitika.

3. Mama mkwe, mtu wa haya zake, sasa anawaeleza wageni habari za mlango wa kizazi mezani, sahani zikiwa zimejaa. Mume wangu amehamia kula jikoni.

4. Hili ndilo linaloniuma. Binti ananiuliza mbele ya wateja, "Shangazi, wewe unasubiri nini?" Mimi siumwi popote. Nikamwambia hivyo, akanijibu kwamba virusi hivyo hukaa kimya miaka na miaka, mtu hahisi lolote. Basi usingizi ukaniruka. Tuzo gani hiyo, ya kuwakosesha wakubwa usingizi?

Mkishindwa kumvua, mpelekeni akasome mbali, mbali kabisa. Nisalimieni wajumbe wote, na yule mama wa mapokezi anayepokea simu zangu bila kununa.

Wenu, msusi aliyesukwasukwa,
Shangazi wa Mshindi

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii nilikwenda kupima, ili tu binti anyamaze. Majibu yametoka leo. Virusi ninavyo, na mabadiliko ya mwanzo yameonekana, ila saratani bado. Wamenitibu leo leo, daktari anasema nimewahi. Nimelia pale pale kitini, nikacheka, nikalia tena. Tuzo msiiguse. Na jukwaani msimwite peke yake. Huyo nimemlea mgongoni mama yake akiwa kazini, nitampandisha mwenyewe.