Sifa za Kihispania kwa Mtoto wa Memsahib

Jumatatu, 3 Juni 1957
Miguu inawaka moto. Nimetembea kutoka vyumba vyetu vya watumishi Westlands hadi River Road, nikarudi, kwa ajili ya Lornah wangu. Memsahib mpya wa lango la kijani, Mhispania, anatafuta yaya. Kiswahili hajui. Kiingereza chake cha kuombea maji. Nani atamwelewa? Lornah! Kafika darasa la sita, kichwa cha mama yake. Shee, fundi cherehani, aliwahi kupika melini kwa Wahispania. Nikampelekea njugu. Akasema tuanze na sifa, maana yaya kazi yake kusifu: nyumba, chakula, mtoto.

Jumatano, 5 Juni
Sifa hukaa nyuma ya jina, kama kwetu. Ya kiume huishia o, ya kike a. Siyo zote, anasema Shee, lakini hizo zingine sina nguvu nazo. Guapo, mzuri. Feo, mbaya. Casa limpia, nyumba safi. Lornah kashika mara moja. Mimi mara ya kumi na mbili, lakini mimi nilikuwa nasonga ugali! Nanjala wa chumba cha pili, mama yake Peres, kachungulia dirishani akauliza kama tunasali. Nikamjibu ndiyo, tunamwombea yeye.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Nanjala naye kamleta Peres langoni! Hajui hata neno, anatabasamu tu. Lornah alikuwa amenisihi njiani: mama, leo niachie niseme mwenyewe. Nikakubali. Akasema casa limpia, memsahib akapiga makofi. Kazi yetu! Ndipo mtoto akaletwa. Mashavu kama mandazi yaliyoumuka. Nanjala akamkodolea macho: jamani, mtoto mzuri huyu, mzuri! Macho yake nayajua. Alimsifu kuku wangu, jioni haikumkuta. Kwetu mtoto kama huyo huitwa mbaya upesi, kijicho kimpite. Lornah akanibana mkono. Alichelewa. Nikapaza sauti: feo! feo! Tena kwa o, maana ni wa kiume. Memsahib akalia. Peres akapewa aproni.

Jumapili, 9 Juni
Uchovu. Nimesinzia hata kanisani. Lornah hasemi nami. Nanjala kaniuliza mbele ya watu: Mama Lornah, ile sala yenu imejibiwa? Nilimwona yule mtoto kwenye kigari chake, mzima, anacheka, hana hata upele. Nani alimkinga? Shukrani sipati.
Lango jeupe wamehamia Wareno, wana mapacha. Shee anasema Kireno anakijua kidogo. Kesho nampelekea njugu. Mapacha, jamani! Kijicho mara mbili. Neno la kwanza nitakalouliza ni lile la kusema wabaya.