Malalamiko Kuhusu Miguu ya Kamanda

Pito, Sumbawanga.
Jumatano, mwezi wa saba.

Kwa Mama Josefina,
Msimamizi wa Ndoa Yetu,
Dukani kwako, Majengo.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo, na naamini umeshaitikia hapo hapo kwenye kiti kabla ya kuendelea kusoma.

YAH: MBWA KUPEWA HUDUMA ILIYOANDALIWA KWA AJILI YA MUME

Kwanza nikujulishe kwamba nina furaha. Leo ni siku ya hamsini na tatu tangu mimi na Fabiani tufunge ndoa. Kila asubuhi nikifumbua macho nikamkuta pembeni yangu, nywele zake zina vumbi la mbao ambalo sabuni imeshindwa kulitoa, moyo unanishtuka kwa raha kama siku ile ya kwanza alipokuja nyumbani kupima kabati. Dhidi ya mume wangu sina neno. Malalamiko yangu ni dhidi ya Kamanda, mbwa wake, niliyemkuta katika nyumba hii.

Wewe na Baba mlitufundisha kwamba siri ya nyumba isitoke nje isipokuwa kwa wasimamizi. Ndiyo maana naandika. Ningekuja mwenyewe, lakini nikianza kueleza nitacheka au nitalia, na duka lako la vitenge halikosi wateja.

1. Beseni. Utakumbuka siku ya kicheni pati uliponikabidhi beseni la bluu na taulo jeupe mbele ya akina mama wote, ukasema, "Lydia, mwanangu, mwanaume hafungwi kwa kamba. Anafungwa kwa maji ya uvuguvugu. Akiingia tu, miguu ndani ya beseni." Vigelegele vikapigwa. Shangazi Atusaye, aliyesafiri kutoka Mbeya kwa ajili hiyo, aliyaandika maneno yako kwenye daftari.

Siku ya tatu ya ndoa nilipasha maji, nikatia chumvi kidogo, nikaweka beseni mlangoni na taulo juu ya kigoda. Fabiani akafika kutoka karakana. Akaliona beseni, akasimama, macho yakamlegea. Akasema, "Mke wangu, umemkumbuka hadi Kamanda?" Akapiga mluzi. Mbwa akaja mbio, na mume wangu akachuchumaa akamwosha miguu yote minne, mmoja mmoja, akamkausha kwa taulo lako.

2. Utauliza kwa nini sikumrekebisha pale pale. Mama, ungeuona uso wake. Aliniambia watu wote walikuwa wakimtisha kwamba akioa tu, mke atamfukuza mbwa, na kwamba hakuwahi kufikiri kuna mwanamke wa namna yangu duniani. Mimi nikajibu, "Si kitu, ni wajibu wangu." Hilo ndilo kosa langu na nalikiri. Wiki iliyofuata kwenye sala ya jumuiya alisimama wakati wa maombi, akamshukuru Mungu kwa kumpa mke anayempashia mbwa wake maji. Watu wakaitikia. Tangu siku hiyo siwezi kurudi nyuma bila kuonekana nimemdanganya Mungu mbele ya kaya kumi na nne. Kwa hiyo kila jioni napasha maji, na kila jioni anayefungwa kwa hayo maji ni mbwa.

3. Kucha. Hizi hukatwa Jumamosi. Fabiani hukaa barazani kwenye mwanga, akaushika mguu wa Kamanda, akabonyeza kidole taratibu hadi ukucha ujitokeze. Anakata ncha tu, kidogo kidogo, kwa sababu ndani ya ukucha kuna mshipa wa damu, na kucha za Kamanda ni nyeusi, mshipa wenyewe hauonekani. Akimaliza anazilainisha kwa msasa. Ni msasa ule laini kabisa, Mama, aliomalizia kitanda chetu cha ndoa. Muda wote huo anamwambia, "Tulia, baba. Tulia, mkubwa. Umebaki mmoja tu." Mimi tangu niolewe sijaambiwa nitulie kwa sauti ile.

Jumamosi iliyopita jirani yetu Enock alipita na baiskeli, akapaza sauti, "Fabiani, huyo bibi harusi sendofu yake lini?" Fabiani akamjibu bila kuinua kichwa, "Kila mtu na wake, kaka." Nami nilikuwa nimesimama pale pale na sufuria mkononi. Nikabaki najiuliza mimi ni wa nani.

4. Mafuta. Baridi ya mwezi huu unaijua. Nyayo za Kamanda zinakauka, basi zinapakwa mafuta ya nazi, yale aliyonizawadia Shangazi Atusaye siku ya harusi. Kabla ya kupakwa, nywele za kati ya vidole zinapunguzwa kwa mkasi mdogo, halafu panakaushwa vizuri, maana unyevu ukibaki hapo huleta fangasi. Haya yote sasa nayajua kama katekisimu. Lakini na mimi nina nyayo, Mama, na zimepasuka, nina magaga yanayonasa shuka. Juzi nilivua soksi, nikaiweka miguu yangu kwenye mkeka, sambamba kabisa na ya Kamanda, nikasubiri. Fabiani akaitazama miguu yote sita. Akasema, "Mke wangu, vaa soksi, utapata mafua."

5. Ratiba. Ipo nyuma ya mlango, imeandikwa kwa penseli ya seremala. Jumatatu kupiga brashi na kutafuta kupe. Jumatano kukagua nyayo. Jumamosi kuoga na kucha, kwa sabuni isiyo kali, kamwe si ile ya unga ya kufulia. Nimeisoma mara tatu nikitafuta jina langu.

6. Hapa ndipo naomba uketi vizuri. Ndoa yetu ilitangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, na kila mara ikasemwa kwamba anayejua kizuizi chochote akiseme. Hakuna aliyesema. Lakini kizuizi kilikuwepo, Mama. Kilikuwa kimelala mlangoni Pito, kucha zimekatwa, nyayo zimepakwa mafuta. Fabiani hakukitaja. Wewe na Baba, mliokula nyumbani kwake mara nne, mlikiona kwa macho yenu na mkakirushia mifupa. Kwa mantiki niliyofundishwa sekondari, aliyekuwa wa kwanza kuoshwa miguu katika nyumba hii ndiye mwenye nyumba, na mimi niliyekuja baadaye ni mgeni, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi nilipewa beseni. Sitaki kuvunja ndoa, hata nikilala usingizi sitaki. Naomba tu matangazo yarudiwe, hata Jumapili moja, na mara hii jina la Kamanda lisomwe pamoja na yetu, ili waumini wajue walishangilia ndoa ya watu wangapi.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima umwite mume wangu kabla ya Jumamosi ijayo, siku ambayo lori la kubeba mahindi linakwenda Kaoze, umshauri ampeleke Kamanda kwa baba mkwe. Kule nyani wanamaliza mahindi ya mzee, na mbwa atapata kazi inayolingana na cheo chake. Umshauri kama wazo lako mwenyewe. Mimi nitasikitika sana mbele yake, na nitapasha maji ya kuagana.

Ikishindikana kabisa, basi niingizwe kwenye ratiba. Alhamisi iko wazi.

Msalimie sana Baba, na wasichana wote wa dukani, na yule mama wa jirani yako anayeuza dagaa, aliyecheza kuliko wote siku ya harusi yetu. Fabiani angekusalimia, ila hajui kama naandika.

Ni mimi binti yenu, mwenye furaha kuliko wanawake wote wa Ufipa,

Lydia, Mke wa Fabiani.

Nyongeza, Jumapili jioni.

Barua hii ilichelewa. Alhamisi Fabiani alikwenda Laela kufunga milango, akaniachia Kamanda. Ijumaa mbwa akarudi anachechemea, mbigili imezama kati ya vidole. Nikapasha maji, nikatia chumvi, nikamwambia, "Tulia, baba," nikaitoa kwa sindano. Akaniwekea kichwa mapajani akahema, Mama, akahema kama mtu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaushika mguu, nikaendelea na kucha, ncha tu.

Fabiani aliporudi jana alipiga mluzi. Kamanda akaja, akampita, akaketi mbele yangu, akanipa mguu. Mume wangu akabaki na msasa mkononi. Baadaye, kwa kukosa kazi, alinivua soksi akanipaka mafuta, lakini muda wote alikuwa anamwangalia mbwa. Leo mchana amesema kwamba akifikiri vizuri, anaona baba yake kule Kaoze anahitaji mbwa, na kwamba kesho atapita dukani kwako kukueleza jinsi anavyonyimwa haki katika nyumba yake.

Mkatalie, Mama. Kamanda haendi popote. Hoja atakazokuletea zitakuwa hizi hizi nilizozipanga hapa juu kwa namba. Nimeamua kuituma barua hii alfajiri, kabla hajatoka, ili upate muda wa kuzisoma moja moja, uone jinsi zisivyo na msingi.