Waliokaa Hawahesabiwi

Ilitangazwa rasmi, siku ya Jumatatu saa nne asubuhi, mbele ya vipaza sauti sita, viwili kati yake vikiwa vinafanya kazi, kwamba mji umegundua mahali watu wake wanapotaka kwenda.

Kabla ya hapo watu walikuwa wanakwenda tu. Mtu anaamka, anavaa, anatoka, anafika. Hakuna aliyejua kitaalamu kwa nini. Aibu hiyo iliondolewa na Idara ya Utafiti wa Mwendo na Tabia za Walaji, chini ya Mkurugenzi wake, mtu mwenye digrii tatu, tai kumi na mbili na gari la serikali lenye pazia kwenye dirisha la nyuma. Mwenyewe alikuwa hajapanda basi kwa miaka kumi na minane, jambo ambalo, kama alivyopenda kueleza, lilimfanya asiwe na upendeleo.

Matokeo yalikuwa wazi. Watu walitaka kwenda kwenye njiapanda ya ghala la zamani. Kwa macho ya kawaida hapakuwa na kitu pale isipokuwa ukuta na rundo la kokoto. Lakini macho ya kawaida hayana takwimu. Kwa siku tano za utafiti, watu elfu mbili mia moja na arobaini walisimama kwenye njiapanda ile, tena kwa hiari yao. Kwenye lango la zahanati, ambako kila mjinga alidhani kuna watu, walihesabiwa kumi na mmoja.

Mbinu za utafiti zilifuatwa kikamilifu. Njiapandani iliwekwa meza, mwavuli mkubwa, na makarani wawili wenye vizibao vya njano, kalamu na makaratasi. Zahanati ilipelekewa karani mmoja mwenye kile kidude cha kubofya, kila anapopita mtu anabofya. Siku ya kwanza karani huyo aliandika barua ofisini kuuliza afanye nini na watu waliokaa, maana benchi la kituo lilikuwa limejaa wagonjwa na wauguzi wanaongoja basi, na wengine walikuwa wamekalia matofali. Mkurugenzi alijibu kwa maandishi, kwa saini na muhuri: utafiti unahusu mwendo, na mtu aliyekaa hana mwendo. Waliokaa wasihesabiwe.

Upande wa tabia za walaji, njiapandani kila mtu aliulizwa swali moja: ungependa kupata nini mahali hapa? Asilimia sabini na moja walisema godoro. Mkurugenzi alisoma takwimu hiyo mara tatu, akavua miwani, akamwambia msaidizi wake, dada mmoja mkimya ambaye ofisini wote walimwita Mtakwimu, kwamba huu ni mji wenye usingizi ambao haujatoshelezwa.

Basi, kituo cha zahanati kikang'olewa. Nguzo ikang'olewa, kibanda kikang'olewa, benchi likapelekwa stoo ya Idara na kuandikwa namba. Madereva wakaonywa kwamba atakayesimama pale atanyang'anywa leseni. Njiapandani kikajengwa Kituo Kikuu chenye paa la bati la bluu, vyoo vyenye kufuli, na maduka ishirini na mawili ya Idara, yote ya magodoro.

Hakuna aliyekuja.

Mwezi wa kwanza Mkurugenzi alieleza kwamba walaji wanajipanga kisaikolojia. Mwezi wa pili ikaja barua kwamba Waziri atakizindua kituo siku ya Alhamisi, na anataka kukiona kikifanya kazi. Barua ilikuwa fupi. Mkurugenzi alijua maana ya barua fupi: Waziri akikuta kituo kitupu, unga umemwagika, na kiti na gari lenye pazia vinakwenda na maji.

"Jana walisimama wangapi?" alimuuliza Mtakwimu.

"Ukiacha wagonjwa walioshuka wakapita, watatu, bosi. Walinzi wawili, na bwana mmoja aliyekuwa anauliza njia ya zahanati."

"Huyo bwana alisimama kabisa?"

"Alisimama kuuliza."

"Mhesabu."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Saa kumi alasiri Mkurugenzi alirudi nyumbani kichwa kinamuuma, akamkuta mama mkwe wake sebuleni, ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Mama huyu alikuwa anaishi nao tangu goti lake lianze kuvimba, na kila Jumanne alikwenda zahanati kuchuliwa. Zamani basi lilimshusha langoni. Sasa lilimtupa njiapandani, akakanyaga kokoto nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na fimbo yake. Gari la Mkurugenzi halikuweza kumpeleka kwa sababu lilikuwa la kazi za Idara, na goti lake halikuwa kazi ya Idara.

"Mkwe," alisema, huku akilikanda goti, "wewe ni mtu wa serikali. Hebu nikuulize. Lile godoro langu litatoka lini?"

Mkurugenzi aliuliza kwa adabu zote, godoro lipi, mama.

"La futi tano kwa sita. Si nilijiandikisha? Siku ile nilikuwa kwenye basi nakwenda zahanati. Nikaona meza, mwavuli, karani anaandika. Meza na karani katika mji huu, mkwe, ujue kuna kitu kinatolewa. Nikagonga bodi, dereva akanishusha, nikapanga foleni kama wenzangu. Aliyekuwa mbele yangu alisema godoro, na mimi nikasema godoro."

Mkurugenzi akauliza kama wengine nao walikuwa wamefuata meza.

"Sasa wangefuata nini, kokoto? Wote tulikuwa tunangoja magodoro. Kuna mmoja alisema anataka kabati la vyombo, tukamwambia asituharibie foleni. Kesho yake nikarudi kuulizia, wakaniandika tena. Nimeandikwa mara nne, mkwe. Kwa hiyo kama ni haki, yangu ni manne."

Mkurugenzi alitazama ukuta. Digrii tatu zilikuwa zinaning'inia pale, nazo zilikuwa zinamtazama.

Mama mkwe akamhurumia. Akamwambia godoro asilichukulie moyoni, yeye angengoja, kwani hata alilonalo bado lina sifongo upande wa ukutani. Ambalo haliwezi kungoja ni goti. "Turudishieni kituo chetu cha zahanati. Hilo tu ndilo ninalokuomba, na sijawahi kukuomba kitu tangu ulipomchukua mwanangu."

Alimjibu kwamba suala hilo lingewasilishwa kwenye kamati.

"Hiyo kamati ina magoti?" aliuliza mama mkwe, akaongeza maji ya moto.

Mtu mwenye elimu ndogo angekiri kosa usiku huohuo. Mkurugenzi alikuwa na elimu ya kutosha. Asubuhi alimwita Mtakwimu, akamweleza kwamba utafiti umeingia awamu ya pili. Irudishwe meza, urudishwe mwavuli, makarani wavae vizibao vyao. Mtakwimu aliuliza wataandika nini. Mkurugenzi akasema waandike chochote, lakini waandike wakiwa wamekunja uso, kama watu wenye madaraka ya kutoa kitu.

Alhamisi saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imezunguka Kituo Kikuu mara moja na nusu. Watu walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa migongo ya wenzao. Waziri aliposhuka garini alitabasamu mpaka jino la mwisho. Akamshika Mkurugenzi bega mbele ya kamera, akasema nchi inahitaji watu kumi wa namna hii. Mkurugenzi akaona kiti chake kinaota miguu ya ziada.

Lakini Waziri alikuwa na tabia mbaya ya kupenda kuongea na wananchi. Akaenda moja kwa moja mbele ya foleni, ambako alikuwa ametangulia tangu alfajiri mama mmoja mwenye fimbo.

"Mama, umekuja kufurahia kituo chako?"

"Nimekuja kuchukua magodoro yangu. Ni manne."

Waziri alicheka kidogo, kisha akaona mama hacheki. Akauliza ni nani aliyemwahidi.

"Ofisi ya mkwe wangu. Yule pale mwenye tai. Ila mimi nishamwambia, tukirudishiwa kituo cha zahanati, yangu nasamehe."

Foleni ikasikia neno magodoro, ikalipokea na kulipitisha nyuma, na lilipomaliza kuzunguka kituo lilikuwa limeshakuwa kelele. Kila mtu alikuwa na lake, na kipimo chake. Kuna aliyekuja na kamba ya kufungia.

Waziri alikuwa ameishi kwenye siasa miaka ishirini na hakuishi kwa bahati. Tabasamu halikudondoka. Alishika kipaza sauti akasema kwamba Serikali haijawahi kuwaandikisha watu bure, na kwamba milango ya maduka yote ishirini na mawili ifunguliwe sasa hivi, chini ya usimamizi wa Mkurugenzi mwenyewe. Kisha akaingia garini. Kwa dakika arobaini Kituo Kikuu kilikuwa na mwendo kuliko mahali popote mjini, magodoro yakitembea barabarani kama yenye miguu. Saa nne kasoro walibaki Mkurugenzi, meza na mwavuli. Mwavuli nao ukaondoka baadaye kidogo.

Ijumaa alipata barua fupi zaidi. Alikuwa amepangiwa majukumu mengine, ambayo yangetajwa yakishapatikana. Funguo za gari alizikabidhi kwa Mtakwimu, ambaye sasa alikuwa Kaimu.

Kaimu hakuwa mtu wa makuu. Alilitoa benchi stoo, akalirudisha langoni pa zahanati, lakini kwa majaribio tu, maana sheria ni sheria. Kabla ya saa sita mchana Jumanne wangehesabiwa watu mia tatu, kituo kingebaki. Wasipofika, benchi lingerudi stoo, safari hii moja kwa moja.

Jumanne hiyo Mkurugenzi wa zamani alimsindikiza mama mkwe wake kuchuliwa, kwa kuwa ratiba yake iliruhusu. Saa nne walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja basi la kurudi, wamebanana na wajawazito, mtoto mwenye surua na mzee mwenye bandeji ya kichwa. Watu walikuwa hawapungui sitini. Karani alisimama kando na kidude chake. Kidude kilikuwa kimya.

"Ndugu yangu, mbona huhesabu?" Mkurugenzi wa zamani aliuliza.

"Waliokaa hawahesabiwi, mzee. Ni mwongozo."

Karani hakuwa mgomvi, alimwonyesha karatasi. Saini ilikuwa nzuri, yenye mkia uliojikunja mwishoni. Mkurugenzi wa zamani aliitambua, kwa sababu alikuwa ameifanyia mazoezi mwaka mzima.

"Mpaka sasa tuna wangapi?" aliuliza mama mkwe.

"Tisa, mama."

Mama mkwe alitazama benchi, watu na magoti yao. Kisha akamtazama mkwe wake, mtu pekee pale asiyeumwa kitu.

"Mkwe, simama."

Alisimama.

"Haya, tembea."

Alitembea mpaka kwenye nguzo ya lango. Kidude kikabofywa. Akageuka, akarudi. Kidude kikabofywa. Mzee mwenye bandeji akauliza kama huyu si yuleyule.

"Mwongozo hausemi," alijibu karani.

Benchi likachangamka. Wakamwambia anyooshe mgongo, yeye sasa ni takwimu. Muuguzi mmoja aliyechungulia langoni akamshauri alegeze tai isimkabe njiani. Alikwenda na kurudi, viatu vyake vya ofisini vikila vumbi, na saa tano basi lao likafika, likasimama pale langoni. Mama mkwe akapanda kwanza, na fimbo yake. Mkwe akaweka mguu kwenye ngazi.

"Bado mia mbili na moja," karani akasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Mama mkwe akachungulia dirishani.

"Tutaonana nyumbani, mkwe," akasema. "Wewe tembea."