Bastola ya Babu Ezekiel Irudishwe kwa Wenyewe

Ndugu Mwenyekiti Dunbar,

YAH: BASTOLA YA UKOO WANGU KUPEWA UTEPE MIKONONI MWA WATU WENGINE

Natumai theluji imekuacha salama, wewe na ng'ombe wako. Mimi si salama. Tangu maonyesho ya Jumamosi chakula hakishuki, na mke wangu Verna amehamia chumba cha wageni kwa madai kwamba nagomba usingizini.

Ulikuwepo, ukashuhudia. Chama chetu cha wakusanya bastola za kale kimempa utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza Bi Rowena Redsleeve, mwanachama mpya wa kabila la Wacheyenne, wale waliokuwa na ardhi hii kabla yetu wazungu, kwa bastola ya kale iliyochongwa kwa kisu kwenye mpini wake herufi E.S. Ndugu Mwenyekiti, huyo ni Ezekiel Stroud! Ni baba wa babu yangu, askari wa farasi, aliyetoka kambini na bastola akarudi bila bastola, bila farasi, akiwa na buti moja tu. Montana nzima inaijua hadithi hiyo, maana tumeisimulia sisi wenyewe. Naomba chama kiamuru nirudishiwe, kwa sababu hizi:

1. Bi Rowena hajui alichonacho. Bastola zangu hukaa nyuma ya kioo, na sizigusi bila glavu nyeupe. Yeye alikuja na yake imeviringishwa kwenye taulo la jikoni. Nilipomuuliza kwa upole kitako kimelika na nini, akajibu mbele za watu: "Bibi yangu alikuwa anatwangia nyama kavu na matunda ya porini. Inatwanga vizuri, kaka. Ujaribu?" Ukumbi ukaangua kicheko. Majaji nao, badala ya kuzimia, wakaandika kwa kusifia: "Haijawahi kusafishwa, kutu ni yake mwenyewe." Mimi ninayemkataza Verna hata kupiga chafya karibu na kabati nikaambulia nafasi ya tatu.

2. Hakuinunua. Nilimuuliza ukoo wake uliipataje. "Babu yetu alimwangusha mtu farasini mwaka 1866, akaichukua," akasema, tena huku anatafuna keki! Jamani, huo si wizi? (Lile shati la ngozi lenye shanga za Kicheyenne lililotundikwa sebuleni kwangu ni jambo jingine kabisa. Lile babu Ezekiel aliliokota. Kama mwenyewe alikuwa bado amelivaa, hadithi haisemi.)

3. Hapa ndipo penye hoja. Kitu kilichochukuliwa kwa nguvu hakigeuki halali kwa kupita miaka, iwe mia, iwe mia na hamsini. Aliyenacho leo asituletee habari za "tumezaliwa tukakikuta," wala "walifanya mababu, si sisi," wala "tumekitunza vizuri." Haya ni maneno ya mtu anayejua kabisa kwamba amekalia cha mwenzake. Arudishe, aombe radhi, ashike njia.

4. Arudishe pamoja na faida yake yote. Utepe nautaka. Nyama iliyotwangwa vizazi vyote hivyo nasamehe, mimi ni muungwana.

5. Akikataa, aitwe sherifu. Tena naona aibu kuishia kwenye bastola moja: kanuni hii ipitishwe kwa wilaya nzima, kwa mali ya kila aina, bila kumwonea mtu haya. Bi Rowena nimempelekea nakala, maana sina tabia ya kumsema mtu kisogoni.

Mtasema Harlan ana wivu. Semeni. Baba yangu alizunguka kila mnada kuanzia hapa hadi Texas akiitafuta bastola hiyo, akafa hajaiona. Nataka niishike kabla nami sijamfuata. Inaniuma, Mwenyekiti, inaniuma sana.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, na hata wale majaji, ingawa hawastahili.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Harlan Stroud,
Ranchi ya Stroud, kando ya Mto Tongue.

Tanbihi: Ndugu Mwenyekiti, nilikawia kwenda posta, nakala ya Bi Rowena ikatangulia. Leo asubuhi amefika na shangazi yake. Ameweka bastola mezani bila kinyongo, akasema, "Kaka Harlan, barua yako tumeisoma mbele ya ukoo mzima. Wazee wamelia. Hawakutegemea kusikia maneno haya kutoka kwa mzungu." Wameafiki kila kipengele, hasa cha tatu. Nikaishika bastola, nikalia na mimi. Nilipofuta machozi, shangazi alikuwa dirishani, anatazama malisho yetu yote hadi mtoni. Akamgeukia Verna: "Mwanangu, hili paa linavuja?" Verna amecheka mpaka akakaa sakafuni. "Mkuki kwa nguruwe, Harlan!" ndilo neno pekee lililomtoka.

Kwa hiyo naomba mkutano uitishwe haraka, utamke kwamba barua hii iliandikwa na mtu mwenye homa. Bastola nimewarudishia, na shati la shanga nimeongezea juu. Wamepokea vyote, wameshukuru sana. Lakini hawajaondoka, Mwenyekiti. Shangazi anapima madirisha.