Ombi la Kuirudisha Sukari ya Husni Muyinga

Gitega, tarehe 12 Februari 2025

Kwa Mkuu wa ofisi inayotoa vibali vya ukaazi kwa wageni

Kuhusu: ugonjwa ulioandikwa kwa jina langu ilhali ni wa binamu yangu

Mheshimiwa Mkuu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya meza ya duka langu la vifungo, nyuzi na vitambaa hapa Gitega, afya yangu ikiwa njema isipokuwa kwenye karatasi. Natumaini yako ni njema mahali pote.

Jina langu ni Taki Abdulhussein. Nilizaliwa Muyinga, kama baba yangu. Babu ndiye aliyekuja kutoka ng'ambo na marobota mawili ya kitambaa, na tangu hapo ukoo wetu haujamaliza kuwasili. Mimi huwasili Burundi kila baada ya miaka miwili bila kuondoka, na kila ninapowasili natakiwa nilete picha, ada na cheti cha daktari. Silalamikii picha. Wala ada. Nalalamikia cheti, na kwa kuwa nilimaliza sekondari na huandika shajara kila jioni, nitalalamika kwa mpangilio.

1. Kwamba nimepewa ugonjwa usio wangu

Mtaani kwetu inasemekana kwamba mgeni mwenye maradhi ya kudumu hapewi kibali. Inasemekana, na mimi ni mmoja wa wanaosema. Basi mwaka jana, kibali changu kilipokaribia kwisha, nilikuwa na kiu. Kiu ya kawaida tu, ya mtu anayebishana na wateja: jagi zima kabla ya adhuhuri, na kuamka usiku kulirudisha. Sikutaka kumsumbua daktari kwa jambo dogo kama hilo, hasa daktari anayeandika. Nikampigia simu binamu yangu Husni, wa Muyinga.

Husni na mimi tumegawana pua moja na nyusi zile zile. Baba yake aliomba uraia akaupata, kwa hiyo Husni ni raia. Hubeba katoni za sabuni kwa pikipiki hadi maduka ya Mutaho na Bugendana, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika isipokuwa chakula kikichelewa. Nilimwomba aende zahanati na pasipoti yangu, atolewe damu kwa jina langu. Akacheka kwenye simu: "We kaka, mi niko na damu safi ya kutosha we na bibi yako! Niandalie tu kitanda."

Nilimfundisha siku nzima kuwa mimi. Alijifunza tarehe yangu ya kuzaliwa, jina la mama yangu, na namna ninavyokohoa kabla ya kusema uongo. Na kwa kuwa kwetu mtu aliyekuja kukusaidia halali na njaa, mke wangu Zeba alimpikia biriani, na baada ya biriani jalebi zilizolowa shira, na asubuhi, kabla ya zahanati, jalebi zilizobaki.

Muuguzi Efrazia alitazama kipimo, akamtazama Husni, akamwambia arudi kesho bila kula. Kesho yake sukari ilikuwa bado juu. Nikaandikwa mgonjwa wa kisukari, na mhuri ukapigwa. Mimi wakati huo nilikuwa dukani nikimpimia mteja lastiki.

2. Kwamba ugonjwa umepata makazi kabla yangu

Naomba ulitazame jambo hili kwa haki. Kisukari kiliingia kwenye cheti changu kwa siku mbili. Hakikuleta picha. Hakikuulizwa babu yake alitoka wapi. Na Husni aliambiwa, akiwa mimi, kwamba ugonjwa huu ukishaingia hauondoki. Maana yake umepewa ukaazi wa kudumu, kitu ambacho ukoo wetu unakitafuta tangu yale marobota mawili.

3. Kwamba mwenye mali anaikataa

Nilimwambia Husni kwamba sukari ni yake. Akasema: "Iko na jina la nani? Si la kwako? Basi kunywa dawa yako, kaka, uache mi nikule." Akarudi Muyinga. Vidonge vimo kwenye droo ya zipu. Mimi sivimezi kwa sababu si mgonjwa, naye havimezi kwa sababu si mimi.

Wiki iliyopita mke wake, Latifa, alinipigia simu. Kiatu kilimchubua Husni kisigino, kidonda kimekataa kufunga, na sasa kinanuka. Yeye anakizungushia kitambaa na kupanda pikipiki. "Shemeji, Papa Layla," Latifa aliniambia, akiniita kwa jina la binti yangu, "mi nimesema mpaka nimechoka. Anakuogopa we peke yako. Kuja umuseme, kabla mguu haujakatwa."

Hapa ndipo penye uchungu, Mheshimiwa. Siwezi kwenda. Kwa kuogopa cheti chenye sukari sikukileta kwako, na kibali changu kikaisha kikiwa mfukoni. Njiani kati ya Gitega na Muyinga kuna vizuizi vya polisi, na mtu mwenye sura yangu huombwa karatasi kabla ya salamu. Hivyo sheria inamzuia mgeni asiye mgonjwa kwenda kumwokoa raia aliye mgonjwa, kwa sababu ya ugonjwa wa raia ulioandikwa kwa mgeni. Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa na naona haina kosa. Kosa liko kwangu.

4. Kwamba majalada yenu yanatusifu mno

Hili sikukusudia kuliandika. Nilikuwa natafuta kwenye shajara siku ambayo Husni alikuja, nikajikuta nasoma miaka ya nyuma. Katika miezi ya kuongeza vibali hakuna anayeugua kwenye nyumba zetu. Tunakohoa ndani ya mito ya kulalia. Shangazi yangu alikuwa na uvimbe, akasema utangoja mpaka mhuri. Ulingoja, kisha haukungoja tena. Mama yangu, Bi Jannat, alificha macho yake kupitia vibali vitatu. Alinituma nikakariri zile herufi za ukutani kwa daktari, nikamfundisha mstari kwa mstari, naye akazisoma bila kukosea hata moja. Niliandika jioni ile: "Mama amefaulu." Leo ananitambua kwa mwendo wa viatu.

Ukisoma majalada yetu, sisi ndio watu wenye afya kuliko wote Gitega. Hatujawahi kuugua. Tunakufa tu.

5. Maombi

Kwa heshima kubwa naomba moja kati ya haya. Ama mtoe amri ya kuhamisha kisukari kutoka Gitega kwenda Muyinga kwa mwenyewe, na nauli nitalipa mimi. Ama, ikiwa hilo haliwezekani, mzingatie kwamba ugonjwa huu ulizaliwa katika damu ya raia na hauna nchi nyingine ya kurudi. Si halali kitu cha raia kihifadhiwe ndani ya mgeni. Nipeni basi na mimi uraia, ili ugonjwa usipate taabu.

Ama mnipe karatasi ya siku moja, niende Muyinga nikamseme Husni. Hili nalitaka kuliko yale mawili. Nimeliweka mwisho kwa sababu naona haya kuomba kitu kidogo baada ya kudai vikubwa.

Natambua kwamba nimekueleza kwa mkono wangu jinsi nilivyotuma mtu mwingine na pasipoti yangu. Zeba ameisoma barua hii akauliza kama ni malalamiko au ni hati ya kujikamata. Nimemjibu kwamba malalamiko bila ushahidi hayana nguvu. Ameondoka akitikisa kichwa, na mimi nimeendelea.

Nisalimie wote wa ofisini kwako: Bwana Kasiano wa dirisha la kwanza, ambaye kila nikija huniuliza lini nimefika nchini, mama wa mihuri, na mlinzi wa mlangoni, ambaye nadaiwa naye vifungo vya koti. Nyumbani kwangu Zeba, binti yangu Layla na Mama wanakusalimu, na wote ni wazima, kama desturi yetu.

Mtiifu wako, mgeni kwa kuzaliwa,

Taki Abdulhussein

Baada ya sahihi, tarehe 13 Februari:

Bahasha nilikuwa nimekwisha kuifunga, nimeichana. Latifa hakuningoja. Amemleta Husni mwenyewe kwa gari, mguu ukiwa juu ya katoni ya sabuni. Mlangoni kwa zahanati nilifungua mdomo kumsema, akanikatiza: "Mi naingia kwa muganga na jina langu. Na we ingia na la kwako. Ukibaki inje, kaka, na mi nabaki." Nilikitazama kile kisigino, nikaingia.

Efrazia alitupima wote wawili, akazitazama pua zetu kwa zamu, akacheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akaacha kucheka akasafisha kidonda. Anasema mguu utapona Husni akitii, na Latifa amesema atatii. Mimi pia nimeandikiwa dawa.

Halafu aligeuza cheti changu akanionyesha nyuma, mahali panapoeleza ofisi yako inataka kujua nini: magonjwa ya kuambukiza, basi. Sukari haimo. Uvimbe haumo. Macho hayamo. Mimi niliyemaliza sekondari nimekuwa nikisoma upande wa mbele miaka yote hii. Mama sijamwambia.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote yaliyotangulia uyahesabu kama hayakuandikwa. Kisukari ni changu, na cheti nilichokiambatanisha ni sahihi kasoro jambo moja tu: kiwango kilichoandikwa pale ni cha Husni. Changu kiko juu zaidi. Naomba kipandishwe.