Tembo wa Mikia Miwili

Jumatano, 6 Agosti

Nimetajirika! Mgeni wa hoteli kule Usa River, ninakotunza bustani, ameniaga kwa kunipa sarafu ya fedha. Si ya kununulia chumvi. Ni ile inayogongwa kwa ajili ya wakusanyaji, inang'aa kama kioo, imefungwa ndani ya kikopo cha plastiki kisichotakiwa kufunguliwa. Ina picha ya tembo. Nimemkagua kwa miwani ya marehemu baba. Ana mikia miwili! Nimesoma kwenye simu: sarafu ya namna hii ikitoka kiwandani na kosa, watu wanaigombania. Mke wangu Ndeshi nilimwahidi mabati ya jiko tangu mvua za mwaka juzi. Atapata, na ya choo juu yake. Sijamwambia. Ndeshi akijua, kwaya nzima inajua.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempelekea sonara mjini. Kaangalia, kasema mkia wa pili haueleweki, nifungue kikopo auone vizuri. Nifungue! Ili anibadilishie? Nikaondoka bila kuaga.

Jirani yangu Elifuraha kanikuta njiani nimeshikilia mfuko wa shati. Kauliza kama moyo unauma. Huyu bwana hakuna chungu asichokifunua. Nimeificha sarafu kwenye gunia dogo la maharage, chini kabisa. Nani atatafuta hazina kwenye maharage?

Jumapili, 10 Agosti

Balaa! Sikukuu ya mavuno, na Ndeshi katoa sadaka gunia lilelile. Nimeliona madhabahuni mchungaji akiliombea. Mahubiri sikusikia hata neno.

Baada ya ibada, mnada nje kama kawaida. Mayai, ndizi, kisha gunia langu. Nikataja bei kabla mnadi hajafungua mdomo. Kosa! Elifuraha akanitazama, akayatazama maharage, akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha tena! Akatangaza mbele ya usharika mzima kwamba mimi, Abdiel, sijawahi kununua hata yai hapa, kwa hiyo maharage haya yana jambo. Nikamtoa mbuzi wangu awe bei. Elifuraha akanywea. Vigelegele! Mchungaji kasema nimeguswa, nimeingizwa kamati ya mavuno. Kusema kweli nilifurahi. Sijapigiwa vigelegele tangu harusi yangu. Ndeshi alinitazama tu, kama anayemwona mgeni.

Tangazo: Jumapili ijayo ni zamu ya sadaka ya mahindi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilitoka kukata majani ya ng'ombe. Kurudi, Ndeshi anachambua maharage, sarafu mkononi. Eti kikopo kilikuwa na vumbi. Kakifungua, kamfuta tembo kwa kanga, mkia mmoja ukadondoka. Unywele! Mweupe, wa yule mgeni.

Niliumia. Mabati yale! Nikamweleza yote. Nilitegemea kugombezwa. Ndeshi kacheka mpaka kashika ukuta, kasema mbuzi keshaenda kwa Bwana, tule maharage yake. Kanipakulia na loshoro, mahindi ya maziwa mgando, bakuli zima. Sijala vizuri hivi mwaka huu.

Na katikati ya bakuli, nikaelewa. Sarafu zenye kosa ziko nyingi. Iliyotubu ni hii moja tu duniani! Shahidi ninaye, unywele ninao. Mabati yapo palepale.

Ila kwenye maharage siirudishi ng'o, nimejifunza. Nimeizamisha kwenye gunia la mahindi. Ndeshi sijamwambia.